Pipa Lililosema "Inflammable"

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na nyinyi vijana wa kuchomelea, wa umeme, wa magari na wa mapishi: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo kimoja kimoja, korosho mlizoniwekea mezani zitakwisha kabla sijalifikia jambo lenyewe.

Niliombwa nizungumzie Kiingereza cha kazini. Somo hilo nimelifundisha miaka mingi mpaka nikastaafu, na nikisema nimwage yote niliyonayo tutalala hapa. Kwa hiyo nimekuja na neno moja tu. Limeandikwa kwenye kopo hili la tina, ile ya kuzimulia rangi, nimeliazima karakana yenu ya rangi. Herufi nyekundu, kubwa: INFLAMMABLE.

Naomba kura kwanza. Anayeona neno hili linasema kilichomo kinashika moto, anyooshe mkono. Haya, shusheni. Anayeona linasema hakishiki moto? Asanteni kwa ukweli wenu. Wa pili ni wengi kuliko wa kwanza, na wawili kati yao nimewaona kwenye mstari wa walimu. Siwacheki. Sina hata haki ya kuwacheka, na mtaijua sababu sasa hivi.

Kinashika moto. Tena upesi. "Inflammable" na "flammable" maana yake ni moja: kitu kinachoshika moto kwa urahisi. Kisichoshika moto huandikwa "non-flammable". Mwenye haraka ya kuondoka aondoke na hilo, mengine atasimuliwa.

Miaka ya tisini mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipata kazi ya utingo kwenye lori la mizigo lililokuwa likienda Masasi. Sisi Wamakonde mnatujua, mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba. Kijana yule alilala kwangu, alikula kwangu, na darasani alifundishwa na mimi mwenyewe. Basi siku hiyo wamepakia mapipa, wamefika Mtama, wamesimama kula. Dereva yuko kwenye benchi la mama lishe anasubiri ugali na samaki, kijana amebaki juu ya mzigo. Akatoa sigara. Dereva akapiga kelele kutoka kule kwenye benchi: "We! Shuka na hiyo sigara!" Kijana akamjibu kwa utulivu wa msomi: "Ondoa wasiwasi, kaka. Imeandikwa hapa kwamba haiwaki."

Yule dereva shule aliiacha darasa la nne. Kiingereza hakijui, ila pua anayo. Aliparamia lori, akamnyang'anya kijana kiberiti, akamteremsha kwa ukosi wa shati, na kutoka Mtama mpaka Masasi utingo alikaa ndani ya kabini kama mahabusu.

Aliporudi nilimwita nimkaripie. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akatoka na daftari lake la kidato cha pili, limejaa wino wangu mwekundu. Akanifungulia ukurasa. Nimeandika pale, kwa mkono wangu, na kupigia mstari: "in-" mwanzoni mwa neno maana yake siyo. "Incorrect", si sahihi. "Incomplete", haijakamilika. "Invisible", haionekani. Nukta.

"Mjomba," akasema, "wewe ndiye uliyenifundisha."

Nilitafuta jibu, sikulipata. Mtoto alikuwa amefanya hesabu sawasawa kwa kanuni niliyompa. Kanuni ndiyo iliyokuwa nusu. Tangu siku ile nina deni, na naona nimeanza kulilipa kwenu badala ya kumlipa yeye.

Nusu ya pili ni hii. Lile neno asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na Kilatini kilikuwa na "in" mbili zisizo na undugu. Moja ilikanusha, ndiyo ile ya daftarini. Nyingine ilimaanisha ndani, au kuingia, au kutia. Ukiziona au kuzisikia ni mapacha, ila mama zao mbalimbali. Warumi walikuwa na neno "flamma", mwali wa moto. Wakaliwekea ile "in" ya kutia, wakapata kitenzi "inflammare": kutia mwali, yaani kuwasha. Baadaye likaongezewa mkia wa "-bilis", ambao kazi yake ni kama -ika yetu katika someka, pitika, lika. Tukilishona upya kwa kitambaa chetu tungepata "kutilika mwali". Neno likapita kwa Wafaransa, na mwanzoni mwa karne ya 17 Waingereza walikuwa tayari nalo, lote zima, na ile "in" yake ya kutia.

Ile "in" ya kutia mnayo kwenye maneno mengi mnayoyatumia bila kuyaogopa. "Inject", kupiga sindano, ni kurushia ndani. "Inhale" ni kuvuta pumzi ndani. "Import" ni kuingiza bidhaa nchini. Hilo la mwisho lina "im", kwa sababu "in" hugeuka ikikutana na herufi fulani, na hapo ndipo pachungu. "Impossible" ni haiwezekani, "import" ni kuingiza. "Irregular" ni isiyo ya kawaida, lakini "irrigate" ni kupeleka maji shambani. Mtu akiishika kanuni yangu ya daftarini atasema "irrigate" ni kulinyima shamba maji, na mwaka huohuo atalala njaa.

Msidhani ni wao peke yao wenye vituko. Sisi tuna "ku". Kuna "anakupenda" na kuna "hakupenda". Silabi ni ileile, mahali pake pamoja. Katika "anakupenda", "ku" inakutaja wewe, na moyo unaruka. Katika "hakupenda" imeungana na "ha" kukanusha jambo lililopita, na hapo hamna harusi. Bado sijaigusa ile ya "kupenda" penyewe. Mgeni akituuliza tunajuaje ipi ni ipi, tunabaki tunamtazama. Tumezaliwa nazo. Mwingereza naye amezaliwa na zake, lakini cha kushangaza ni kwamba hii ya "inflammable" ilimshinda hata yeye.

Jinsi ilivyomshinda ni hivi. Kwa miaka kama 200 neno lilikuwa hilo moja na watu waliishi nalo. Mwaka 1813 mfasiri mmoja wa maandishi ya Kilatini akatumia "flammable", bila "in". Lilikaa kando kwa muda mrefu, watu hawakulijali. Kisha dunia ikajaa petroli, mapipa, maghala na viwanda. Wafanyakazi wasiojua Kilatini, kama mpwa wangu na kama mimi, wakawa wanasoma vibandiko. Miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kuzuia majanga ya moto kikaanza kuhimiza "in" iondolewe kwenye vibandiko, iandikwe "flammable", na makampuni ya bima yakaunga mkono, maana moto ukiwaka ndio wanaolipa. Uingereza nako, mwaka 1959, taasisi yao ya viwango ikasema itahimiza "flammable" na "non-flammable" ili kuondoa utata.

Mwalimu wa zamani ningependa kulitetea neno la kale, lina nasaba nzuri. Silitetei. Kwenye kopo, afadhali neno lisilo na nasaba ambalo kila mtu analielewa kwa mara moja. Ila kuhimiza siyo kufuta. Kamusi zinayo yote mawili mpaka leo, na makopo kama hili yanaendelea kufika bandarini, kwa hiyo mjifunze yote mawili.

Kuna jamaa wa pembeni wa neno hili, nampitia haraka. "Invaluable". Lina "valuable", yenye thamani, na lina "in" inayokanusha kwelikweli, lakini maana yake ni kitu ambacho thamani yake haikadiriki kwa ukubwa. Katika shule moja niliyofundisha, barua ya kumshukuru mfadhili ilirudishwa na mkubwa wetu neno hilo limekatwa, na pembeni ameandika: "Msimtukane mgeni." Tukaandika "very good". Mfadhili hakujua amekosa nini.

Sasa nyinyi wa kuchomelea, sogeeni, hapa ndipo penu.

Huko Marekani alikuwako mtu aliyeitwa Benjamin Lee Whorf, aliyezaliwa 1897 na kufariki 1941. Wasomi wa lugha wanamfahamu sana, na wanabishana naye mpaka kesho. Lakini lugha haikuwa ajira yake. Alisomea uhandisi wa kemia, na mkate wake ulitoka kwenye kampuni ya bima ya moto mjini Hartford. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kwa nini majengo ya wateja yaliungua. Mwanzoni aliangalia nyaya, mabomba, nafasi za hewa. Polepole akaona kwamba mara nyingine moto ulianzia kwenye neno.

Mfano wake mashuhuri ni mapipa ya petroli. Yalipokuwa yamejaa, wafanyakazi walikuwa waangalifu, hakuna wa kuwasha sigara. Yalipokuwa matupu, walivuta sigara karibu yake na kutupa vichungi ovyo. Kwa nini? Kwa sababu yaliitwa matupu. Na pipa "tupu" la petroli ndilo la kuogopwa zaidi, kwa kuwa limebaki na mvuke. Petroli yenyewe ya maji haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Pipa lililojaa pomoni halina nafasi ya mchanganyiko huo. Pipa tupu ni nafasi tupu yote. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 43 chini ya sifuri, sembuse jua la hapa Mtwara.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. La petroli huvuma mara moja tu.

Nasema haya kwa kuwa najua mnavyofanya. Mteja anakuja na pipa, anataka likatwe liwe jiko au tangi la maji. Unamuuliza lilikuwa na nini, anakwambia, "Aah, tupu hilo, la siku nyingi." Unashika moto wa kukatia. Neno "tupu" hapo linafanya kazi ileile iliyofanywa na "in" ya mpwa wangu juu ya lori. Pipa la namna hiyo huoshwa, likajazwa maji karibu lote, ndipo liguswe na moto, na asiyefundishwa namna ya kuliandaa aliache. Mwalimu wenu wa kuchomelea anatikisa kichwa kukubali, kwa hiyo sijamwingilia.

Whorf ana kisa kingine ambacho nakipenda zaidi. Kiwanda kimoja kilifunika mitambo yake kwa kitu kilichotokana na chokaa, na chokaa ni jiwe. Kwa kuwa jina lake la Kiingereza, "limestone", lilikuwa na "stone", yaani jiwe, ndani yake, hakuna aliyejisumbua kukikinga na joto au moto. Jiwe linaungua wapi? Kumbe kiwandani mle kulikuwa na mvuke wa asidi ya siki, ukalibadili lile jiwe taratibu likawa chumvi ambayo ikipashwa moto hutoa asetoni, na asetoni ni ndugu wa hii tina yangu. Siku moto ulipogusa, jiwe likawaka. Watu walishangaa mno. Walikuwa wamelisikia jina, hawakukitazama kitu.

Nani hapa amekaanga korosho za maganda nyumbani? Naona mikono mingi, ndiyo, tuko Mtwara. Basi nyinyi mnaielewa "inflammable" kuliko kamusi. Korosho mbichi iko kwenye bati, unaigeuza kwa fimbo ndefu, inatulia tu kama kokoto. Halafu ganda linaanza kutoa jasho, yale mafuta meusi yanayobabua mikono, moshi unakuwa mzito, na ghafla bati zima linawaka wakati wewe hujatia mafuta yoyote. Bibi anakwambia mwaga mchangani, upesi! Bila kibandiko, bibi alijua ganda la korosho lina moto ndani yake unaosubiri kuitwa. Na alijua pia kwamba kuni haziko hivyo. Kuni zinaungua, lakini hazirukii moto. Kiswahili kinatofautisha vizuri: kuungua, kuwaka, kuteketea, kulipuka, kila kimoja na mahali pake. Ningekuwa na uwezo wa kuandika vibandiko, kwenye petroli ningeandika "huwaka upesi" na kazi ingekuwa imekwisha.

Tuko Mtwara, siwezi kushuka hapa bila kugusa gesi. Ile ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982 kule Msimbati, na inayosafishwa Madimba kabla ya kuingia kwenye bomba la kwenda Dar es Salaam, sehemu yake kubwa ni methani. Ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda juu. Ile ya kwenye mtungi unaobebwa na bodaboda ni propani na butani, nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, inajikusanya kwenye kona, inaingia mvunguni. Zote mbili kwa Kiswahili tunaziita gesi na basi, na zote mbili alama yake ni ileile: mraba mwekundu uliosimama kwa pembe kama almasi, mwali wa moto juu, namba 2 chini. Fungua dirisha kwa zote mbili, lakini kwa ile ya mtungi fungua na mlango, mpaka chini. Wa mapishi, nawatazama nyinyi. Na ile harufu mbaya inatiwa makusudi, gesi yenyewe haina harufu. Aliyefikiria kutia harufu alikuwa na akili kama ya yule dereva wa Mtama, aliiamini pua.

Hiyo alama ya mwali haina "in", haina "un", haina "si". Ukiona malori ya mafuta, mengine yana kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili: juu 33, chini 1203. Ya juu inasema kimiminika kinachowaka upesi sana, ya chini ndiyo petroli. Namba haikosewi viambishi.

Na sisi tusijivune mno, maana tofauti ya "inayowaka" na "isiyowaka" imebebwa na silabi ya katikati tu. Rangi ikibanduka pale kati, "i" ya mwanzo na "yowaka" ya mwisho zikabaki, chagua mwenyewe.

Muda umeniishia, mwenyekiti ananionyesha saa. Nina vikaratasi viwili vya maswali.

Cha kwanza kinauliza: je, "inflammation" ya hospitali inahusiana? Inahusiana, ni mtoto wa mama yuleyule. Kiungo kimewashwa. Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, alitaja dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto, maumivu. Aliyewahi kuumwa jipu hahitaji kufasiriwa. Na kuna ndugu yao mwingine, "inflammatory", anayetajwa kwa hotuba zinazowasha watu. Hapo Kiswahili kimekutana na Kilatini bila kuambizana: sisi twasema uchochezi, na kuchochea ni kazi ya mekoni, kusogeza kuni ndani zaidi. Hotuba yangu naamini haimo humo.

Cha pili kina mwandiko wa kike, mzuri: "Mwalimu, kwa nini wenye maduka wasiandike kwa Kiswahili?" Mwanangu, nilimuuliza hivyo hivyo jirani yangu anayeuza petroli ya chupa kwa bodaboda. Akasema niandike mimi, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko. Nikachukua chaki, nikaandika kwenye pipa lake, kubwa, HUWAKA UPESI. Usiku ikanyesha. Asubuhi nimekuta imebaki UPESI. Ndiyo sababu nimeliazima kopo hili karakana. Nikitoka hapa naomba na brashi.